Bahari Ndani ya Hangari ya Mawese

Nchi yetu haina bahari. Ukiwa Rumonge na unataka maji ya chumvi itakubidi uvuke Tanzania nzima, na wakati ule wa vita hata safari ya Nyanza-Lac, saa moja tu kwa gari, mtu aliagana na watu wake kama anayekwenda Maka. Kwa hiyo walipofika wageni kutoka Ulaya na malori mawili ya mitambo, wakasema wamekuja kutengeneza chumba cha kuonyesha jinsi bahari inavyoharibika, nilicheka mbele yao. Hawakukasirika. Walidhani nimefurahi, wakaniajiri.

Nilikuwa nimefika Rumonge miezi michache kabla, nikitokea Kabonga, na Kabonga nilifika nikitokea kwingine. Shule niliiacha darasa la tano. Si kwa umaskini, kama wengi wanavyojitetea. Nilimuuliza mwalimu redio inaitoa wapi sauti, akanichapa; nikarudi nyumbani nikaifungua redio ya baba, nikaona kwamba hata mwalimu hakujua. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufungua vitu vya wengine. Nimetengeneza redio, karabai, baiskeli, mara moja hata meno ya bandia. Sikukaa popote zaidi ya mwaka. Vita viliwafukuza wenzangu kutoka huku kwenda kule. Mimi vilinikuta tayari njiani.

Mkuu wa wale wageni alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya upole ya mtu asiyewahi kukatizwa maneno. Tulimwita Madamu. Alikuja na fundi mmoja wa picha na sauti, mwanamume mwenye ndevu na kaptula yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia humo. Kazi yao niliielewa haraka, maana nilishika kila waya wake. Chumba kinatiwa giza. Pande zote nne zinatundikwa vitambaa vyeupe, na mashine nne za kutupa picha zinawaka pamoja, hata uliye katikati unaona maji mbele, maji nyuma, maji kila upande. Spika kubwa zinafukiwa chini ili mngurumo ukuingie miguuni. Feni inakupulizia upepo. Unakaa humo dakika ishirini, bahari inakufia mbele ya macho, unatoka una haya ya kuwa binadamu. Chumba kingeanzia Rumonge, kiende mji mkuu, kisha kipakiwe kwenda Ulaya.

Kwa nini Rumonge? Hilo nililiuliza siku ya kwanza. Madamu alieleza kwamba waliotoa pesa walizitoa kwa ajili ya bahari, na yeye alipangiwa nchi yetu. Mtu mwingine angewaandikia kuwa wamekosea ramani. Yeye aliamua kwamba ziwa litakuwa bahari. Ndivyo ilivyo: ukipewa pesa ya ng'ombe na zizini una mbuzi, hurudishi pesa, unamfundisha mbuzi kulia kama ng'ombe.

Walikodi hangari ya zamani, ghala la kuwekea mawese, karibu na ufuko. Sakafu yake ilikuwa imekunywa mafuta miaka na miaka. Tuliisugua siku tatu kwa majivu na sabuni, lakini harufu haikutoka, na bahari yao ilinuka mawese mpaka mwisho. Kisha Madamu akataka mchanga. Wageni wa chumba wavue viatu, wakanyage mchanga, wajisikie wako ufukoni. Basi wanawake wakapewa kazi ya kuchota mchanga ufukoni kwa mabeseni na kuubeba mpaka ndani ya hangari, umbali wa mtu kurusha jiwe. Mmoja wao alitua beseni lake mlangoni akaniuliza, "Yemwe, ule mchanga wa pale nje iko na ugonjwa?"

"Oya, mama. Hauna ugonjwa."

"Sasa kwa nini hawakanyagi kulekule?"

Nilimwambia kule hakuna feni.

Ningeweza kucheka hivyo mpaka siku ya mwisho, kama si habari ya mtumbwi.

Nilikuwa nimepanga kibanda nyuma ya nyumba ya mvuvi mmoja mzee. Alizaliwa ng'ambo, Kivu ya Kusini, akavuka ujanani na kuoa Rumonge, na mtaa mzima ulimwita Muzee, hata waliomzidi umri. Alikuwa na mtumbwi mmoja wa mbao, mkubwa, alioujenga mwenyewe. Mapema mwaka ule askari waliikusanya mitumbwi yote ya upande wetu. Walisema adui wanavuka ziwa ndani ya mitumbwi ya wavuvi. "Ni kweli wanavuka," Muzee aliniambia, "lakini si kwa wangu. Wangu unanuka samaki. Wale wanapenda usafi." Mitumbwi ilipangwa mchangani mbele ya pozisyo, kambi ndogo ya askari pale ufukoni, ikafudikizwa. Askari waliikalia wakicheza karata.

Sasa, mtumbwi wa mbao si mali ya kuweka. Lazima unywe maji. Ukikaa juani mbao zinasinyaa, viungo vinaachana, pamba uliyozibia inadondoka, na baada ya hapo hata ukiurudisha ziwani unazama kama kikapu. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Muzee alihesabu kwamba una wiki sita, labda nane. Kila asubuhi alipita mbali kidogo na pozisyo, akijifanya anatafuta kuni, ili autazame. Akirudi mkewe humuuliza, "Unaendeleaje?" kama anayeuliza mgonjwa, naye hujibu, "Umefungua mdomo kidogo upande wa nyuma." Walikuwa na wajukuu watatu ndani ya nyumba ile, watoto wa binti yao aliyefia kambini Tanzania, na tangu mtumbwi uchukuliwe wote waliishi kwa mihogo na kwa kodi yangu, ambayo haikuwa kitu.

Kwa hiyo Madamu aliposema anahitaji mvuvi wa kweli, mwenye uso wenye mikunjo, ndani ya mtumbwi wa kweli, nani aliyempeleka kwa Muzee? Mimi. Nilijiona mjanja kuliko wote Rumonge.

Tulikwenda pozisyo wanne, Madamu, fundi, Muzee na mimi. Komanda wa pale alikuwa mtu mfupi, msafi sana, aliyepiga pasi mpaka soksi. Alisoma barua ya Madamu mara mbili. Alipenda kusikia kwamba atakuwa mgeni wa heshima siku ya ufunguzi.

"Siku tatu," alisema. "Mutumbwi utatoka siku tatu, kwa picha tu. Askari wangu mmoja atakuwa pamoja nanyi."

"Murakoze, mokomanda," Muzee alishukuru, kofia mkononi. "Na baada ya siku tatu?"

"Unarudi hapa."

"Mokomanda, utapasuka. Uuone mwenyewe, pale nyuma..."

Komanda hakugeuka kuuona. Alimtazama Madamu, akatabasamu, akasema kwa upole, "Fanya kazi ya hawa wageni vizuri, muzee. Kazi ikitoka vizuri, siku ya sherehe tutaona."

Mahali pengine "tutaona" ni neno tupu. Pale kwetu, likitoka kwa mtu mwenye bunduki, ni nusu ya ndiyo. Muzee aliibeba ile nusu mpaka nyumbani kama yai.

Siku ya kwanza haikupigwa picha yoyote, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unakunywa. Tuliuzamisha majini kando, umejaa mawe, mbao zivimbe. Muzee alikaa kando yake akiuziba kwa pamba na mawese, akiongea nao. Madamu aliuliza kama anaweza kufanya haraka. Nilimfasiria, na Muzee akasema, "Mwambie kama ana haraka, aende kule bahari yake iko."

Wakati tunangoja, fundi alinipa kitu ambacho mpaka leo namshukuru, ingawa yeye mwenyewe hakukithamini. Alikuwa na kipaza sauti cha kuzamishwa majini. Alikishusha kwenye kina, akanivika visikizio. Nilitegemea kimya. Nikasikia mafuta yanakaangwa. Kweli kabisa: chini ya ziwa kulikuwa na mchakaro usiokoma, kama maelfu ya vikaango, na juu yake milio midogo ya kugonga, ka, ka, kaka, na mbali sana mota ya boti ya doria ya askari, nyembamba kama mbu. Nilikaa nayo kichwani mpaka masikio yakauma. Miaka yote nimelala kando ya ziwa hili nikidhani ni bubu.

Nilimwambia fundi hii ndiyo itawashangaza watu. Alibenua midomo. Alisema ziwa halisikiki kama kitu chochote, watu watadhani spika mbovu. Angeweka sauti za nyangumi.

"Nyangumi ni nini?"

Alinieleza. Samaki ambaye si samaki, mkubwa kama nyumba ya ghorofa, anaimba.

"Huyo hapa hayupo," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema, "lakini anahuzunisha."

Jioni ya siku hiyo Madamu alimhoji Muzee kwenye kamera, mimi nikifasiri. Alimuuliza kama ziwa limebadilika. Muzee alifikiri, kisha akajibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia akijibu swali hilo, na tangu hapo nimewasikia wengi waliosoma.

"Zamani mwezi wa sita ukiingia, upepo wa kusini ulikuwa unalikoroga hili ziwa kama mama anakoroga bugali. Maji ya chini yanapanda, chakula cha samaki kinapanda, ndagala wanakuja wenyewe. Sasa upepo umekuwa mvivu. Unakuja, unapumzika, unarudi. Na maji iko na joto. Mimi najua kwa mguu, si kwa mashini. Samaki wamepungua toka nilipokuwa kijana, hiyo ni kweli." Kisha akaona haki inamtaka amalize. "Lakini mwaka huu wako wengi. Hakuna mutu anawavua. Jeshi imewapa konji."

Madamu alipenda bugali. Hakupenda konji, yaani ile likizo ya samaki. Alisema Muzee amechanganya mambo mawili na mtazamaji wa Ulaya atapotea. Mwishowe hata bugali haikuingia. Mahojiano yalikuwa marefu. Alitaka ziwa lenye ugonjwa mmoja, wenye jina, na mgonjwa anayelala kimya akipigwa picha.

Alasiri ya siku ya pili Muzee na shemeji yake walitega wavu. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, tulikwenda kuuinua. Wao wawili walikuwa ndani ya mtumbwi. Sisi tulifuata katika boti ya mpira ya wageni, Madamu, fundi na kamera yake, askari mmoja mwenye usingizi, na mimi. Hati ya Madamu ilisema hivi, niliisoma: mvuvi anainua wavu, wavu ni mtupu, mvuvi anatazama upeo wa maji.

Maboya yalikuwa yamezama nusu. Mtu wa ziwa akiona hivyo anajua. Shemeji alianza kupiga miluzi. Wavu ulipopanda ulipanda na samaki, mikeke imening'inia kama nguo kwenye kamba, na sangala wanene, na kuhe mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima, na bado wavu ulikuwa unapanda. Muzee alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Askari aliamka, akasimama, boti ikayumba. "Mungu wangu," alisema, "vuta, muzee, vuta!"

Fundi alishusha kamera. Madamu alikuwa ameshika shavu.

"Mwambie amwage," aliniambia.

"Amwage wapi?"

"Majini. Warudi majini, tupige tena."

Nilimweleza kwamba samaki aliyenaswa usiku kucha kwenye wavu harudi popote. Wengi wameshakufa, wataelea tu. Akafikiri kidogo. Kisha macho yakamng'aa: wakielea wafu, picha itakuwa nzuri zaidi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufasiri. Nikapiga kelele juu ya maji, "Muzee! Madamu anasema samaki warudishwe."

"Warudishwe na nani?"

"Na wewe. Majini."

Muzee aliacha wavu. Alisimama ndani ya mtumbwi wake, mikono inang'aa magamba. "Mwambie huyu mama," alisema, "mimi niko na miaka sitini na ngapi, sijui. Sijaona mutu anatapika chakula kwa sababu picha haikutoka vizuri."

"Aanze yeye!" shemeji akadakia. "Arudishe ule mukate alikula asubuhi, na sisi tutafuata!"

Askari alicheka mpaka akakaa.

"Wanasemaje?" Madamu aliuliza.

"Wanasema ni vigumu."

Na kweli ilikuwa vigumu, si kwa njaa peke yake. Pwani ile wanaamini kwamba samaki akishagusa mbao za mtumbwi amekuwa wako. Ukimrudisha umeliambia ziwa kwamba umeshiba, na ziwa likishaambiwa hivyo husahau jina lako. Nilimfasiria Madamu na hilo. Aliliandika kwenye daftari, akasema ni zuri sana, lakini samaki?

Tulikubaliana hivi, na ni mimi niliyekubalianisha. Muzee atapeleka samaki nchi kavu. Mkewe atawafunika na kuwapeleka nyumbani kimyakimya, maana kibali kilikuwa cha picha, si cha uvuvi. Askari atachukua mikeke sita na asubuhi hiyo ataisahau. Kisha mtumbwi utarudi, wavu uliokwisha kutolewa samaki utazamishwa na kuinuliwa tena, mtupu, na kila mtu atakuwa amepata alichotaka. Wajukuu walikula kuhe siku ile mpaka wakalala mezani. Nilikula nao. Sitasema uongo, nilikula sana.

Muzee aliporudi kuigiza, aliigiza kwa moyo wake wote. Huyo alikuwa mtu asiyejua kufanya kitu nusu. Angekuwa mvivu kidogo, angekuwa kama mimi, angevuta wavu, akatazama mbali, basi. Lakini alikuwa anafikiria ile nusu ya ndiyo iliyokaa pozisyo. Kazi ikitoka vizuri, komanda alisema. Basi aliuvuta wavu polepole kama anayevuta maiti. Aliushika mtupu mikononi akautazama. Kisha akafanya desturi ya kwao. Wavu ukitoka mtupu wao hawalii. Wanagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara tatu na kulitukana ziwa kwa wimbo, taratibu, ili lione haya. Muzee aliliimbia kwamba lina tumbo kubwa na halina mume, kwamba hata vyura wamelihama kwa harufu ya kinywa chake, na mengine ambayo siwezi kuandika. Maji yalikuwa yamemrukia usoni, yakimchuruzika mashavuni.

Madamu alilia. Matusi yale, ambayo sikumfasiria, aliyaita maombolezo. Yaliwekwa katikati ya onyesho, na nyangumi wawili wakaitikia.

Kilichobaki kilikuwa sauti ya kueleza. Madamu aliandika maneno kwa Kifaransa, mimi nikayageuza Kiswahili na Kirundi, nikayasoma ndani ya stoo nimefunikwa godoro ili nje kusisikike. Maneno yalikuwa machache: "Hapa samaki wamekwisha. Nyavu zinarudi tupu. Mvuvi huyu hana tena sababu ya kwenda ziwani." Fundi alinirudishia sauti yangu kwenye visikizio. Nilitegemea niisikie aibu ndani yake. Nilichosikia ni sauti nzuri, nzito, ya mtu aliyesoma. Nikaomba nirudie ile sentensi ya mwisho, niitamke vizuri zaidi.

Mtumbwi ulirudi pozisyo jioni ya siku ile ya tatu, ukafudikizwa, na askari wakarudi kuukalia. Maandalizi ya chumba yakachukua wiki tatu. Kila asubuhi Muzee alipita na kuni zake za uongo. Ulikuwa umefungua mdomo tena, sasa pande mbili.

Ufunguzi ulifanywa mchana, kwa sababu saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa kuwa ndani kwake. Komanda alikaa mbele, kwenye kiti chenye mto. Nyuma yake walisimama wakubwa wa mitaa, walimu, na wavuvi waliokuja kuona uso wa mwenzao ukutani. Wote viatu mkononi. Giza likaingia, feni zikawaka, harufu ya mawese ikawapiga usoni, na ziwa letu likatokea pande nne, la buluu ambayo hatujawahi kuiona. Watu walisema "Eee!" kwa kweli. Mimi pia nilisema, na waya zote nilizifunga mwenyewe. Nyangumi walipoanza, mama mmoja aliuliza ni ng'ombe wa nani anazaa.

Kisha Muzee akatokea, mkubwa kama nyumba, ukuta hadi ukuta, na wavu mtupu. Wavuvi walitazamana wakishangaa. Alipoanza kuimba walivunjika mbavu. Walicheka wakishikana mabega, kwa maana walikuwa wanasikia matusi waliyoyajua toka utotoni yakinguruma kwenye spika kama sala. Mke wa Muzee alisema kwa sauti gizani, "Wewe bwana! Hata siku alipokufa mama yako hukulia hivyo!" Na mmoja nyuma akajibu, "Anamulilia yule kuhe!" Kicheko kikapanda tena. Nikamtazama Madamu. Alikuwa amefumba macho. Nafikiri alidhani kwetu ndivyo tunavyoomboleza.

Komanda peke yake hakucheka. Yeye hakuwa mtu wa ziwa. Alitoka milimani, na nyimbo zile hakuzijua. Alisikiliza maneno ya sauti nzito, ya mtu aliyesoma, mpaka mwisho. Taa zilipowaka alisimama kutoa hotuba.

"Mimi nashukuru," alisema. "Leo nimefundishwa. Kila siku watu wananijia pozisyo kulalamika. Mitumbwi, mitumbwi! Wanasema jeshi linawaua njaa. Nikawa najiuliza, labda wana haki? Kumbe! Nimeona kwa macho yangu. Samaki hakuna. Mvuvi mwenyewe analia. Na sauti imesema wazi: hana tena sababu ya kwenda ziwani. Sasa mtumbwi ni wa nini? Nilikuwa nimeahidi kufikiria jambo la mtu mmoja. Nimefikiria. Mitumbwi yote itabaki kwetu mpaka ziwa lipone."

Madamu akaniinamia. "Anasema nini?"

Nikamfasiria, neno kwa neno. Akapiga makofi. Alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wakubwa wa mitaa wakamfuata. Aliandika kwenye daftari kwamba baada ya kuona onyesho, jeshi limejitolea kulinda ziwa. Nilimwambia, Madamu, hujaelewa, huyu mzee amepoteza mtumbwi wake. Alinishika mkono kwa huruma. Alisema anajua, na ndiyo maana kazi hii ni muhimu.

Nje, kwenye jua, nilimkimbilia komanda kabla hajapanda gari. Muzee alikuwa kando yangu, bado kofia mkononi.

"Mokomanda, samahani. Ile ya ndani ni bongo, uongo mtupu. Waliigiza. Samaki wako."

Alisimama. "Wako wapi?"

"Ziwani. Wengi. Siku ile ya picha wavu ulitoka umejaa."

"Umejaa," alirudia. Alisema polepole, kama anayefunga vifungo. "Kwa hiyo mulivua. Mimi nilitoa ruhusa ya picha. Nani alitoa ruhusa ya kuvua? Samaki walikwenda wapi? Na askari wangu alikuwa wapi?"

Yule askari alikuwa ameshika mlango wa gari. Alitazama buti zake. Mikeke sita, na kwa kosa kama hilo wakati ule mtu hakuadhibiwa kwa maneno. Nikamtazama yeye, nikamtazama Muzee, nikafungua mdomo. Muzee alinishika juu ya kiwiko, akaminya.

"Hakuna samaki, mokomanda," alisema. "Huyu kijana ni mugeni hapa. Halijui ziwa."

"Ndivyo nilivyofikiri," komanda alisema, akapanda.

Tulirudi nyumbani bila haraka. Nilianza kumwambia kwamba nitakwenda tena kesho, nitazungumza na Madamu aandike barua, nitakwenda hata mji mkuu kwa wakubwa wa komanda.

"Nyamaza, sha," alisema, wala hakuwa na hasira. "Wewe ulishasema."

Ningeweza kuacha kazi siku ile. Nimewahi kuacha kazi kwa sababu ndogo zaidi, mara moja kwa sababu ya kikombe. Sikuiacha. Chumba kilipopakiwa kwenye malori kwenda mji mkuu nilipanda juu ya mizigo, kwa maana nilikuwa bado sijaelewa jinsi zile mashine nne zinavyowaka pamoja bila kupishana, na fundi alikuwa ameahidi kunifungulia moja. Hiyo ndiyo bei yangu, na naitaja kwa sababu nimewacheka wengine kwa bei zao.

Mji mkuu tulikaa mwezi mmoja na nusu. Ilikuwa kazi yangu kuwasha jenereta na kupokea viatu. Habari nililetewa na dereva wa lori la mawese: mtumbwi wa Muzee ulipasuka mwezi wa nane, na askari wakapikia maharagwe kwa mbao zake. Muzee anakata mikungu ya michikichi ya watu huko Kigwena, na juu hapandi vizuri, umri umekwenda. Alishaanguka mara moja. Niliandika barua nikampa dereva. Sijui kama ilifika. Nilikuwa nimeandika mambo mengi, na Muzee hakujua kusoma.

Wiki ya mwisho aliingia mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa miwani, mpole. Alikaa ndani mara mbili mfululizo. Alipotoka alinijia nikimpa viatu, akauliza kama ile ni sauti yangu. Nikakubali. Akaniuliza, "Yule mzee wa wavu ni mtu wa kweli? Bado anavua?"

"Ni mtu wa kweli," nilimwambia. "Hapana, havui tena. Hana mtumbwi."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akafunga kamba za viatu. "Kumbe ni kweli," alisema. "Hali ya hewa imeharibika."

Sikumbishia. Nyuma yake palikuwa na foleni.